Gunia Linalokwenda na Kurudi: Kwa Nini Bei za Mjini na Kijijini Hazifanani

Februari mwaka jana nilikuwa kwa shangazi yangu, katika kijiji kimoja cha tarafa ya Mpwayungu, wilayani Chamwino. Kifuku, yaani msimu wa mvua, kilikuwa kimekolea, makorongo yamejaa, na debe la mahindi ndani limekwisha. Akanituma dukani. Muuzaji alifungua gunia, akaanza kupima, akataja bei. Nilidhani nimesikia vibaya, kwa sababu siku mbili kabla nilikuwa nimepita soko la Majengo, Dodoma mjini, na bei ya debe ilikuwa chini ya hiyo.

"Mahindi haya yametoka wapi, mama?"

"Kibaigwa, mwanangu. Yamekuja na gari la juzi, kabla korongo halijajaa."

Shangazi yangu huyo huyo, mwezi Juni, alikuwa ameuza magunia manne ya mahindi kwa mchuuzi aliyeyapeleka Kibaigwa. Sisemi kwamba nilimpelekea punje zake mwenyewe. Lakini mahindi ya aina ile ile, yaliyolimwa mkoa ule ule, yalikuwa yamekwenda hadi soko la nafaka la wilayani Kongwa, yakakaa ghalani, kisha yakarudi kwenye vumbi yalikotoka yakiwa na bei nyingine kabisa.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na hasa baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, swali la wapi maisha ni nafuu linaulizwa kila siku, kwenye bajaji na kwenye foleni za saluni. Mtumishi aliyetoka pwani anasema vijijini kila kitu ni bei chee. Mwalimu aliyepangiwa kazi kijijini anasema huko kila kitu ni ghali, hata kiberiti. Wote wawili wanasema kweli. Mmoja anazungumzia kuku, mwenzake anazungumzia sukari. Mmoja alikwenda Juni, mwenzake yuko huko Februari. Bei ya kitu kijijini haieleweki mpaka ujue mambo mawili: kitu hicho kinasafiri kuelekea wapi, na huu ni mwezi gani.

Tuanze na safari. Kuna vitu vinavyotoka kijijini kwenda mjini: kuku, mbuzi, karanga, uwele, mtama, alizeti, ufuta, mlenda mkavu, ubuyu, mkaa. Kila mkono unaovipokea njiani unaongeza kidogo. Mchuuzi wa baiskeli, mwenye pikipiki, mwenye Fuso, dalali wa sokoni, mwenye genge. Kwa hiyo kijijini ndiko viliko rahisi, na mjini ndiko vinafika bei ya juu. Kisha kuna vitu vinavyosafiri kinyume: sukari, sabuni, chumvi, mabati, saruji, misumari, dawa za mifugo, betri, petroli. Hivi navyo vinaongezewa kila kituo, ila mwisho wa safari yake ni kijijini, na huko ndiko vinafika bei ya juu.

Ukiziweka safari hizo mbili pamoja, unaona mkulima amesimama wapi. Anapouza, yuko mwanzo wa njia, mahali ambapo bei ni ya chini kabisa. Anaponunua, yuko mwisho wa njia, mahali ambapo bei ni ya juu kabisa. Hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo. Umbali ule ule unamkata mara mbili, na ndiyo sababu naumia ninaposikia mtu wa mjini akisema watu wa kijijini wana bahati kwa kuwa vyakula vyao ni rahisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mafuta ya magari. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Jedwali lake halina bei moja ya nchi nzima. Lina safu ndefu ya miji na wilaya, na kila mahali pana bei yake kwa kuwa gharama ya kusafirisha kutoka bandarini imeingizwa kwenye hesabu. Hata wilaya za mkoa wetu hazilingani zenyewe kwa zenyewe. Lakini jedwali hilo linahusu vituo vya mafuta. Kijiji kisicho na kituo kinategemea petroli ya chupa: kijana anajaza madumu mjini, anayafunga kwenye bodaboda, anafika anamimina kwenye chupa za maji na kuzipanga juu ya meza kando ya barabara. Bei yake haimo kwenye jedwali lolote. Na bodaboda anayenunua petroli ile ndiye anayembeba mama mjamzito kwenda zahanati, ndiye anayeleta sabuni dukani. Kwa hiyo bei ya ile chupa inaingia ndani ya nauli, na ndani ya kila kitu kinachobebwa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukitoa mikopo ya kujenga vituo vidogo vijijini, na pale kituo kinapofunguliwa, chupa zinaondoka mezani.

Umeme uko tofauti. Uniti ya TANESCO haipandi bei kwa sababu ya umbali. Kwa mteja wa daraja lile lile ni bei moja nchi nzima. Shirika linabeba gharama ya nguzo za mbali na kuisambaza kwa wateja wote. Kwenye sukari, mnywaji chai wa mwisho wa barabara anaibeba mwenyewe.

Duka la kijijini

Nataka nisimame kidogo hapa, kwa sababu mwenye duka la kijijini anasingiziwa sana. Akiongeza mia tatu kwenye kilo ya sukari, watu wanasema anawanyonya. Fanya naye hesabu kwanza. Namba hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ndivyo inavyokwenda.

Mfuko wa sukari una kilo 50. Duka lenye wateja mjini linaweza kumaliza mfuko mmoja kwa siku. Likipata faida ya shilingi 100 tu kwa kilo, ni 5,000 kwa siku, au 150,000 kwa mwezi, kutokana na sukari peke yake. Mwenzake wa kijijini anauza mfuko mmoja kwa siku kumi, kwa sababu watu wananunua robo, na wengine wananunua ya mia mbili iliyofungwa kwenye kimfuko cha nailoni. Nauli ya mfuko kutoka mjini ni 5,000, yaani shilingi 100 kwa kila kilo. Akiongeza mia tatu, mia moja imeliwa na nauli na mia mbili ndiyo faida. Mifuko mitatu kwa mwezi inampa 30,000. Ameuza ghali kuliko mwenzake, na amepata moja ya tano ya alichopata mwenzake.

Na bado kuna daftari. Lile daftari la kurasa mia, lililofungwa kwa kamba kwenye msumari, ndilo benki ya kijiji kuanzia Novemba mpaka mavuno. Majina yamepangwa kwa mstari: mama fulani, sabuni moja, mafuta ya kupima, kiberiti. Wengine watalipa Juni, wengine watalipa nusu, wengine watahama. Muuzaji anajua hilo, na anajua kwamba pesa yake imelala miezi sita bila kuzaa. Sehemu ya bei unayolipa wewe mwenye fedha taslimu inafidia deni la yule asiyelipa. Maduka yako mawili au matatu tu, hivyo huna pa kukimbilia. Mjini ungevuka barabara ukaulizia kwa Mangi mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo mtu haoni mpaka aongee na madereva: gari linalokwenda tupu. Wakati wa mavuno magari mengi yanakwenda vijijini kuchukua mazao, na yanakwenda yakiwa matupu. Mwenye duka akimwomba dereva ampelekee mzigo, nauli inakuwa ndogo kwa kuwa gari lingekwenda vyovyote vile. Kifuku kikianza, mazao yameisha na barabara zimeharibika, hakuna gari linalokwenda. Mzigo unasubiri, au unabebwa kwa pikipiki kwa bei ya juu. Korongo moja lisilo na daraja linaweza kuziba njia siku tatu, na siku hizo tatu zinatosha chumvi kuisha kijiji kizima. Nimekaa ukingoni mwa korongo la namna hiyo na abiria wenzangu tangu saa nne asubuhi hadi jua linazama, tukitazama jiwe moja katikati ya maji tuone kama linaanza kuonekana. Kondakta alikuwa na katoni za mikate juu ya gari. Jioni alianza kutuuzia sisi, kwa sababu kule ilikokuwa inakwenda isingefika ikiwa nzima.

Mwezi wa kuuza na mwezi wa kununua

Turudi kwa gunia la shangazi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni haba. Kwa hiyo mavuno ni ya mkupuo mmoja, kati ya Mei na Julai, na kila mtu anavuna pamoja na jirani yake. Soko linajaa, bei inashuka. Kuanzia Desemba hadi Machi vihenge vimebaki vitupu, watu wako shambani wanalima kwa nguvu za chakula ambacho hawana, na bei inapanda.

Sasa kwa nini mtu auze Juni anapojua Februari itakuja? Kwa sababu Juni ndiyo deni la daftari linadaiwa. Sare na mahitaji ya shule ya Julai yanasubiri. Kuna mgonjwa aliyetibiwa kwa ahadi. Halafu kuna dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 kupitia magharibi, ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania kwa jinsi anavyosaga. Mahindi yasiyohifadhiwa vizuri anaweza kuyageuza unga kabla ya Krismasi. Mtu anaona afadhali fedha kidogo mkononi kuliko vumbi ndani ya gunia.

Tuseme gunia limeuzwa Juni kwa 60,000, na Februari familia ile ile ikanunua gunia kwa 105,000. Tofauti ni 45,000, ambayo ni asilimia 75 ya ile 60,000. Ndivyo ninavyoliona jambo hili: shangazi hakuuza mahindi, alikopa. Alikopa 60,000 mwezi Juni, akalipa 105,000 mwezi Februari, na dhamana ilikuwa tumbo la watoto wake. Riba ya asilimia 75 kwa miezi minane ingepigiwa kelele kama ingekuwa ya mkopeshaji wa mtaani. Kwa kuwa imejificha ndani ya bei ya mahindi, inaitwa msimu.

Mwenye ghala Kibaigwa naye si lazima awe mwovu. Ameweka fedha zake, amelipia dawa, ulinzi na vibarua, na kuna miaka bei haipandi akala hasara. Alicho nacho na shangazi hana ni uwezo wa kusubiri. Bei ya kijijini mwezi Februari imebeba gharama ya kusubiri, na juu yake safari mbili: ya kwenda, na ya kurudi. Ndiyo maana inaweza kuipita bei ya mjini, ambako mahindi yamesafiri mara moja tu.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ambao makao yake yako hapa Dodoma, hununua nafaka wakati wa mavuno na kuzitoa wakati wa upungufu. Bei ya mahindi ilipopanda sana nchini mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, mahindi yake yaliuzwa kwa bei nafuu katika halmashauri. Msaada wa kweli, ila kwa mtu anayelazimika kulipa nauli ya kwenda na kurudi kufuata debe mbili, unafuu unaishia njiani. Bei nafuu nayo inasafiri, na inaongezeka ikisafiri.

Ni gunia lipi hasa?

Hapa ndipo ulinganisho mwingi wa bei unapoharibika. Mtu anasema, "Gunia kijijini ni elfu sitini, mjini ni elfu themanini, tofauti elfu ishirini." Lakini magunia hayo hayalingani. Kijijini gunia linajazwa lumbesa, linashonewa kichwa kwa kamba, linakuwa na debe saba. Likifika sokoni linafunguliwa, linapimwa upya, linakuwa debe sita. Magunia sita ya kijijini ni debe 42, na debe 42 ni magunia saba ya mjini. Gunia la saba halikulipiwa na mtu yeyote. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa na inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini kwenye uwanja wa nyumba, jua likiwaka na mchuuzi akitishia kwenda kwa jirani, mzani hauko pale.

Debe lenyewe lina mambo. Mchuuzi huja na la kwake. Litazame kwa karibu: kitako kimegongwa kikatuna kwa nje, mbavu zimetanuliwa. Anapojaza, anatikisa mara mbili, tatu, mahindi yanashuka, anaongeza tena mpaka kilima kinasimama juu. Debe hilo la kununulia halifanani na lile la kuuzia, ambalo kitako chake kimeingia ndani. Bei iliyotajwa ni moja, mahindi ni tofauti. Kwa hiyo mtu akikuambia bei ya kijijini, muulize kwanza imepimwa kwa nini. Kilo ndiyo lugha pekee ambayo mji na kijiji vinaweza kuzungumza bila mmoja kudanganywa.

Upande wa kununua, kipimo kinaumiza kwa njia nyingine: udogo. Mafuta ya kula ya dumu la lita 20 ni rahisi kwa lita kuliko mafuta ya kupima ya shilingi mia tatu. Wilaya za Kongwa na Mpwapwa ni nchi ya alizeti. Gunia la alizeti likikamuliwa kwenye mashine ndogo kwa kawaida hutoa mafuta yasiyofika debe moja, na mashudu yanabaki kwa mifugo. Mtu anauza mbegu kwa gunia na kununua mafuta kwa kijiko. Na mwaka 2023 bei ya alizeti iliposhuka vibaya kanda ya kati, baada ya mafuta ya nje kuingia kwa unafuu wa ushuru, mkulima aliona gunia lake limeporomoka, lakini kile kipimo cha mia tatu hakikuongezeka ujazo kwa kasi ile ile.

Maji yana hesabu ya namna hiyo, na hapa hata mtu wa jijini anaguswa. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Anayeuziwa dumu kwa shilingi 50 amelipa 2,500 kwa uniti. Anayeuziwa na mwenye mkokoteni kwa shilingi 300, kwa kuwa mtaa wake mpya haujafikiwa na bomba, amelipa 15,000. Ukiishi pembezoni mwa jiji bila bomba, unalipa kama mtu wa mbali ingawa taa za Bunge unaziona.

Kuna vitu visivyosafiri kabisa, na hivyo ndivyo vinavyofanya mjini paonekane ghali: chumba cha kupanga, kunyoa nywele, kibarua wa kujenga, sahani ya wali kwa mama ntilie. Huwezi kuleta chumba cha Mpwayungu hadi Ilazo, huku mjini. Bei zake zinafuata kipato cha watu wa mahali pale, na Dodoma imepokea maelfu ya watumishi wenye mshahara wa kila mwezi. Kodi zimepanda kwa sababu wanaozihitaji wameongezeka haraka kuliko nyumba. Kinyozi naye anapanga chumba hicho hicho, kwa hiyo kodi inaingia kwenye kunyoa. Kijijini kunyoa ni rahisi kwa sababu anayenyolewa hana fedha, na anayenyoa hana kodi ya kulipa.

Takwimu rasmi zinasaidia, ila zina upande wake. Fahirisi ya bei inayotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutegemea kwa sehemu kubwa bei zinazokusanywa mijini, hasa makao makuu ya mikoa. Mfumuko wa bei ukitangazwa kuwa mdogo, ni kweli kwa kapu hilo. Chupa ya petroli iliyo juu ya meza, mikate iliyolala korongoni na debe lililotunishwa kitako havimo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulikuta asilimia 31.3 ya wakazi wa vijijini Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 15.8 mijini. Kwa hiyo wale wanaoonekana vibaya zaidi kwenye umaskini ndio wanaoonekana kidogo zaidi kwenye bei.

Barabara inabadilisha haya, ingawa si kwa namna ambayo nilikuwa nikitarajia. Tangu lami ya kwenda Kondoa hadi Babati ikamilike, vijiji vya kandokando vimepata sukari kwa bei iliyokaribia ya mjini. Simu nayo imemfanya mkulima ajue bei ya Kibaigwa kabla mchuuzi hajashuka kwenye pikipiki. Lakini pengo la bei likizibwa, linazibwa pande zote mbili. Kuku wa kienyeji akianza kununuliwa mlangoni kwa bei inayokaribia ya mnada wa Msalato, jijini Dodoma, mwenye kuku anashukuru, na jirani yake asiyefuga, anayeishi kwa vibarua, hawezi tena kumnunua. Kijijini kuna wanunuzi pia. Wengi wa wanaolima hununua chakula kwa miezi kadhaa ya mwaka, na bei nzuri ya mkulima ni bei mbaya kwao hao hao mwezi mwingine.

Shangazi mwaka huu amefanya jambo moja tofauti. Juni aliuza mbuzi wawili akalipa daftari, na magunia matatu akayafunga kwenye mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo dumuzi anakufa ndani yake. Gunia la nne aliliuza kwa mchuuzi yule yule, ila safari hii alimwambia debe lake alirudishe kwenye pikipiki, wapimie la nyumbani. Mchuuzi alinung'unika, akazunguka nyumba tatu za jirani, akarudi saa kumi jioni akapima.